Mbuzi Kwenye Meza ya Saini

Kunda alipomaliza siku zake za kwanza benki, bibi yake mzaa mama hakumuuliza kama kazi ni ngumu, wala kama walimpa chai. Kambo Chomba (Lubumbashi bibi huitwa Kambo) alinyoosha vidole juu ya mbabula, jiko lake la makaa, maana ulikuwa mwezi wa saba na baridi ya Katuba ilikuwa imeingia mpaka kwenye mifupa. Akauliza swali moja tu.

"Chef yako, mama yake ni wa ukoo gani?"

Jibu Kunda alikuwa nalo. Mama Bwalya, aliyekaa kwenye dirisha la kupokea wateja, hakuwa mtu wa kufunga habari kwenye kanga. Alikuwa amekwisha kumweleza kwamba chef Kapya, mkubwa wa kazi wa Kunda, anaishi Kamalondo na mama yake mzee, kwamba wametoka upande wa Kilwa, na kwamba mama yule ni wa Bena Ngo, watu wa chui.

Kambo alipiga makofi, akacheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa wa Bena Mbushi, watu wa mbuzi, kutoka Sakania, na kwa kuwa kwao ukoo hutoka kwa mama, Kunda naye alikuwa mbuzi kamili. Sasa kati ya chui na mbuzi kuna utani wa tangu zamani. Chui humla mbuzi; kwa hiyo mbuzi amepewa haki ya kumtukana chui popote amkutapo, kumnyang'anya kofia, kumcheka sura, na chui hana ruhusa ya kukasirika. Siku ya msiba hao hao watani ndio wanaozikana. Wazee huliita jambo hilo bunungwe, na hawalichezei, ingawa lenyewe ni mchezo.

"Basi uko kwetu!" Kambo akasema. "Mutoto ya mbuzi anafika kwa chui na anaikala kimya? Atasema haukukomaa. Kesho umutukane kidogo. Ataona furaha, utaniambia."

Ushauri wa bibi ni kama dawa ya mizizi: inaponya kweli, lakini lazima ujue kipimo. Kunda alikuwa amesoma mambo mengi kule chuo kikuu cha Kasapa, ila kipimo cha utani ndani ya benki hakikuwamo kwenye masomo ya sayansi za utawala.

Ilimpasa kuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote, maana alikuwa na jambo la kupoteza. Kila likizo kubwa wanafunzi wa mwaka wake walitumwa kufanya stage, yaani kujifunza kazi mahali pa kazi. Benki ile kubwa ya katikati ya mji, yenye ngazi za mawe na vishikio vya shaba nyekundu milangoni, ilipokea wawili: yeye na kijana mmoja aitwaye Kasonde. Na tangu siku ya kwanza waliambiwa waziwazi kwamba atakayechukuliwa kazini baada ya masomo ni mmoja tu, na atakayesema ni nani ni citoyen Kapya (yaani mwananchi, kama kila mtu alivyoitwa miaka ile), mkubwa wa meza ya saini.

Meza hiyo ilikuwa ghorofani, pembeni ya dirisha. Kila cheki na kila barua ya mteja ilipanda kwanza pale. Kapya alivuta kadi yenye mfano wa saini ya mteja, akalinganisha, na kama saini hazikufanana, hata uwe ndugu wa waziri, hutoki na kitu. Wanawake wa benki ile walikaa kwenye mashine za kuandikia na kwenye madirisha ya wateja chini. Pale dirishani juu hakuwahi kukaa mwanamke. Siku Kunda alipokiona kile kiti kitupu kando ya Kapya, mwanga wa jua ukiwa umekilalia, alikitaka. Alikitaka kwa njaa, wala hakujidanganya kwamba ni kwa sababu nyingine.

Kapya mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, abakosti ya kijivu, koti la kuvaliwa bila tai, imefungwa mpaka shingoni, miwani minene. Alikuwa na ibada yake. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la abakosti, akaivaa tena, akainua karatasi kuelekea dirishani, akapiga ulimi kwenye meno, kisha akatoa hukumu ile ile: "Signature aifanane. Urudie siku ya kwanza." Maana yake saini haifanani, na siku ya kwanza ndiyo Jumatatu ya watu wa Lubumbashi. Mji mzima ulikuwa umerudia siku ya kwanza kwa ajili yake.

Basi kesho yake asubuhi wafanyakazi walijipanga mbele ya bendera kama kawaida, wakaimba na kucheza nyimbo za chama. Ndiyo ilikuwa miaka ambayo serikali iliamuru watu warudie uhalisi wa mababu. Majina ya ubatizo yalikuwa yamefutwa: Germaine aliyebatizwa katika kanisa la mapadri alikuwa sasa citoyenne Kunda, na tai shingoni zilikuwa zimepigwa marufuku. Wimbo wa siku hiyo ulisema tusione haya kwa desturi za mababu zetu. Kasonde, mwenye sauti nzuri, aliuongoza. Kapya aliimba kwa midomo tu.

Wakaingia ndani. Ukumbi ulikuwa umeshajaa wateja, mstari mpaka mlangoni. Kunda akamwona chef wake akielekea ngazini, akakumbuka maneno ya Kambo, akajaza kifua pumzi.

"Wee chui!" akapaza sauti. "Mbuzi iko mbele ya macho yako tangu juzi, na hata kuiramba hauirambe! Meno iliisha?"

Mashine za kuandikia zilinyamaza. Mteja mmoja alivua kofia, bila kujua kwa nini. Kasonde alitazama dari, na tabasamu lake alilificha vibaya. Kapya alivua miwani, akaifuta kwa pindo la abakosti, akaivaa.

"Citoyenne Kunda," akasema polepole. "Hapa ni benki. Hapa hakuna chui, hakuna mbuzi. Chukua bintu yako, uende chini ku archives."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Nje mababu wanaimbiwa na kuchezewa. Babu mwenyewe akiingia ndani na mbuzi wake anapelekwa chini ya ardhi. Kunda alishuka ngazi akiwa na mkoba wake na aibu yake, na aibu ndiyo iliyokuwa nzito.

Jioni alimsimulia Kambo, akilia.

"Chui anakatala mbuzi?" Kambo alinong'ona, kana kwamba ameambiwa mvua imenyesha kuelekea juu. "Basi eko mugonjwa ya roho, mwanangu. Unisamehe. Ni mimi nilikutuma."

Chumba cha archives kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha, kina vumbi la miaka ya Wabelgiji. Humo ndimo zilimotupwa kadi za saini za zamani, kabati juu ya kabati, zimechanganyika hovyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Kunda aliinama. Alizitenga kadi, akazipanga, na katika kuzipanga akaanza kuzipenda. Mtu mmoja alikuwa na kadi tatu nne alizosaini katika umri tofauti: ujana wake umejaa madoido na mikia, utu uzima wake umetulia, uzee wake umetetemeka, lakini mahali kalamu ilipoanzia na mahali ilipokatia kona palikuwa pale pale siku zote. Wengine walikuwa wamekufa. Kunda aliwasalimia kimoyomoyo kabla ya kufunga droo.

Ghorofani, Kasonde naye alikuwa akizama. Hakuwa mvivu. Lakini sauti yake nzuri ilikuwa imemponza: kila siku aliitwa kwenda kufanya mazoezi ya nyimbo kwa ajili ya sikukuu ya chama, na hakuna aliyethubutu kusema hapana. Karatasi zilirundikana mezani. Mchana mmoja Kapya alishuka mwenyewe chini ya ardhi, akasimama mlangoni, akaziangalia zile kabati zilizopangika. Alifungua droo moja, akaifunga. Akafungua nyingine.

"Panda," akasema, akatangulia.

Kunda akapanda, akaketi kwenye kiti cha dirishani, kwa muda. Hakuna aliyemwambia kwamba ni cha kwake. Kapya alimfundisha kwa maneno machache, na maneno yenyewe aliyatoa kama mtu anayegawa chumvi wakati wa uhaba. "Hapana kusoma jina. Angalia namna inatembea." Siku nzima ingepita kwa hayo tu. Hakumwita ila citoyenne, hakucheka, na habari ya mbuzi haikutajwa; aliyeitaja ni Kasonde peke yake, ambaye kila akimpita Kunda kwenye ngazi alilia kwa sauti ndogo, "Meee."

Siku moja ilipanda cheki ya mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini maisha yake yote. Kapya aliinua karatasi kwenye mwanga, akapiga ulimi. Saini ilitangatanga kama mtu aliyelewa. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema maneno yake ya kila siku.

"Chef," Kunda akasema, "mukono njo inazeeka. Lakini njia iko ile ile. Uone penye anaanzia, na penye anakata kona."

Kapya alimtazama. Kisha akaitazama kadi, akaitazama cheki, akaitazama kadi tena, muda mrefu. Akaipiga muhuri, akaipeleka. Hakusema umefanya vizuri, hakusema asante. Ila tangu siku hiyo karatasi zenye mashaka alizisukuma kwanza upande wa Kunda, akangoja kusikia atasema nini. Kunda alikuwa na furaha ya ajabu, na hofu nayo ilikuwa pale pale: mtu huyu hajanisamehe, alijiambia, na mwezi wa tisa ukiisha ataandika jina la mwingine.

Mwezi wa tisa ukafika na joto lake, miti ya barabarani ikafunika lami kwa maua ya zambarau. Asubuhi moja Mama Bwalya alipanda ngazi akikimbia, kilemba amekivua kama mtu wa msiba, akasimama mbele ya meza ya saini. Kapya alikuwa na cheki mkononi. Aliilinganisha na kadi yake mpaka mwisho, akaipiga muhuri, akaiweka mahali pake. Ndipo akainuka, akafunga kifungo cha juu cha abakosti, akatoka kwenda kwa mama yake aliyekuwa amekufa.

Habari ilifika Katuba kabla ya Kunda. Alimkuta Kambo amekaa kwenye mkeka, kitenge kizuri kimekwisha kutolewa sandukuni na kukunjwa kando.

"Mama ya chui amelala," Kambo akasema. "Mbuzi wataikala nyumbani? Mimi miguu imenikatala, unaiona yenyewe, imevimba. Utaenda weye."

"Kambo, siendi kufanya vile. Ulinituma siku ile, ukaona. Sasa siku zimebaki chache. Nikifungua kinywa, kazi imekwisha."

Kambo alikivuta kile kitenge magotini.

"Siku ile nilikosea," akasema. "Ile ilikuwa muchezo, na muchezo unaweza kukosa nafasi yake. Ya kilio haiko muchezo. Chui akikufa, mbuzi njo anafunga njia na kuchekesha bantu, halafu bakimulipa anamufungulia mulango. Mbuzi asipokuya, bantu bake bataanza kusema: huyu mama aliishi namna gani, hata watani banamukatala? Sikulazimishe. Minakuambia tu vile iko."

Kunda alichukua kile kitenge. Alikwenda pamoja na watu wa benki, na njia nzima hadi Kamalondo alikuwa amekata shauri: atakaa na wanawake, atalia kama wengine, atafunga mdomo.

Uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa kuzunguka gogo lililokuwa likiwaka tangu jana, wanawake kwenye mikeka. Mkurugenzi wa benki alipewa kiti chenye mgongo, na padri alikuwa amekwisha kubariki. Wakalitoa jeneza ndani, likabebwa mpaka kwenye geti. Hapo mzee Mulenga, ndugu wa marehemu, aliyetoka Kilwa kwa lori juu ya magunia ya samaki, alisimama katikati ya njia, fimbo ameilaza kwa mkingamo.

"Mbuzi biko wapi?" akauliza.

Watu wakatazamana. Mji umewachanganya watu. Wengine hawajui hata ukoo wa mama zao, na wanaoujua waliona haya kusema mbele ya mkurugenzi. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Mzee Mulenga akaita tena, na safari hii sauti ilimpasuka. Mkurugenzi akamwinamia jirani yake kuuliza kunangojwa nini. Padri akalitazama jua.

Kapya alikuwa amesimama kando ya jeneza, mkono juu ya mbao. Hakuwa amelia. Kunda aliwasikia wanawake nyuma yake wakinong'onezana: tangu jana, hata chozi moja, mtoto gani huyu.

"Kapya," mzee akamgeukia, "mu ile benki yenu, bantu yote ile, hakuna mbuzi hata moja?"

Kapya akavua miwani, akaifuta kwa pindo la abakosti, akaivaa. Macho yake yalipita juu ya wanaume, yakapita juu ya mikeka, yakamfikia Kunda, yakasimama. Midomo ilitikisika. Kisha akainamisha kichwa. Aliyemfukuza mbuzi mbele za watu hawezi kumwita mbele za watu.

Kunda aliona yote mawili kwa mara moja: kile kiti chenye mwanga wa jua, na yule mama kwenye sanduku ambaye hakuwahi kumjua, amezuiwa kwenye mlango wake mwenyewe kama mtu asiye na wenzake. Aliogopa. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameshayavulia tangu mwezi wa saba, pale ukumbini. Akainuka.

Alikwenda moja kwa moja kwa chef wake, akamvua miwani usoni.

Uwanja mzima ukashtuka. Kunda aliifuta miwani ile polepole kwa pindo la kitenge, akaivaa puani, ikamfanya asione mbele. Akapapasa mpaka getini, akaketi chini katikati, miguu ameinyoosha, njia ameifunga.

"Benki imefunguliwa!" akapaza sauti. "Nani wa kwanza? Wee Kifo, acha kusukumana, fwata mustari! Ulileta karatasi? Leta nione."

Akainua kiganja kitupu kuelekea jua. Akapiga ulimi kwenye meno, ule ulimi wenyewe. Kwenye kundi la watu wa benki mtu mmoja aliguna.

"Hmm. Unasema hii ni signature ya mama ya chui? Mama huyu alisaini saa ngapi? Alikuwa anapika samaki yake, hakukuona hata sura! Aifanane! Signature aifanane kabisa! Urudie siku ya kwanza!"

Mama Bwalya ndiye aliyepasuka kwanza. Kicheko kilimtoka kama sufuria iliyoanguka, akajiziba mdomo kwa kilemba, bure. Kikaruka kwa makarani, kikawafikia wanawake wa mikekani, kikampanda mkurugenzi mwenyewe, ambaye hata yeye aliwahi kurudishwa siku ya kwanza. Alishika mgongo wa kiti, mabega yakimtikisika. Mzee Mulenga alipiga fimbo chini kwa furaha. Sasa kilio kilikuwa kilio, msiba wenye watani wake.

"Na weye, chui!" Kunda akamgeukia Kapya, aliyeonekana kama moshi tu kupitia miwani ile. "Ulimukatala mbuzi mu benki. Leo mama yako anapitia mulango ya nani? Lipa!"

Kapya alicheka. Wafanyakazi waliokaa naye miaka na miaka hawakuwa wamewahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa nyembamba, ya mvulana. Alicheka akitafuta sarafu mfukoni, akacheka akimpa, na katikati ya kicheko uso ukamvunjika, akalia. Alilia mdomo wazi, bila miwani ya kujifichia, akiita "Mama, mama," na wale wanawake waliokuwa wakinong'ona wakalia naye.

Kunda akaondoka njiani. Aligusa jeneza lilipokuwa linapita.

"Pita, mama," akasema taratibu. "Nimeangalia muzuri. Ni weye kweli."

Makaburini aliifuta miwani, akaiweka kwenye kiganja cha Kapya, akarudi nyuma kwa wanawake kabla hajapata kuivaa.

Jumapili, kwenye mlango wa kanisa, Kasonde alimngoja. Safari hii hakulia kama mbuzi. Alikuwa na huruma ya kweli, na huruma yake ndiyo iliyomtisha Kunda zaidi.

"Ulimuiga chef mbele ya mkurugenzi," akasema. "Bantu banacheka mpaka leo. Dada yangu, unafikiri mukubwa anaweza kusahau kintu kama ile? Stage yako ilikufa na ile mama."

Kunda hakulala vizuri. Alijiuliza kama anajuta, akajichunguza pande zote kama mtu anayetafuta mwiba kwenye nyayo, na hakuuona. Alikuwa na huzuni tu. Kile kiti alikipenda.

Jumatatu waliimba mbele ya bendera, wakaingia ukumbini. Wateja walikuwa wamejipanga. Kunda alisimama karibu na Mama Bwalya akichelewesha kupanda ngazi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Kapya, kichwa kimenyolewa upara kwa msiba, kinang'aa kuliko vishikio vya mlangoni. Alitembea mpaka katikati ya ukumbi, akasimama pale pale aliposimama mwezi wa saba.

"Wee mbuzi!" akapaza sauti.

Mashine zote zikanyamaza.

"Nani alifungua kamba yako, mpaka unaingia mu benki ya bantu? Unataka kukula macheki yetu?"

Ilimchukua Kunda muda kuelewa kwamba anatukanwa. Alipoelewa, alitoka kando ya Mama Bwalya.

"Chui," akajibu, "siku ya nywele ulikuwa muzuri kidogo. Leo hata mbuzi anakuonea huruma!"

Ukumbi ukalipuka, wateja na wote. Kapya aliwaacha wacheke. Kisha akamsogelea, akashusha sauti ikawa ya meza ya saini.

"Nilianza kazi hapa wakati ya bazungu," akasema. "Clerk mwenye kucheka, kesho haumuone tena. Njo nilizoea kufunga kinywa, na nikakisahau mu mfuko. Mama alikuwa ananiambia kila siku: Kapya, uko unakauka." Akavua miwani, akaitazama, akaivaa bila kuifuta. "Ya kilio nilikulipa kule kule, imekwisha. Hii ingine ni ya kazi. Uliipata kabla ya mama kufa, ile siku ya muzee mwenye mukono ya kutetemeka, na jana nilienda kwa mkurugenzi nyumbani, nikamuambia. Ukimaliza masomo, kiti ya dirisha ni yako. Sasa panda, karatasi ziko zinakungojea."

Kasonde alikuja mwenyewe kumpa mkono, na aliutoa kwa nguvu. Sauti yake, alisema, itampatia kazi mahali pengine. Na kwa nchi ilivyokuwa miaka ile, huenda alisema kweli.

Jioni Kunda hakungoja basi. Alitembea kwa miguu mpaka Katuba, mahali pengine akikimbia, viatu mkononi, maua ya zambarau yakimnata kwenye nyayo. Alimkuta Kambo mlangoni, amekunja miguu yake iliyovimba, anachambua majani ya matembele ya kulia bukari, ugali wa jioni. Kunda alikuwa hana pumzi, na kabla hajaipata, bibi alimwahi.

Hakuuliza habari ya kazi.

"Alikutukana?"

"Alinitukana, Kambo. Mbele ya bantu yote."

Kambo Chomba alishusha kichwa. Vidole vyake viliendelea kutenganisha jani na kikonyo, jani na kikonyo, na machozi yalikuwa yakidondokea kwenye bakuli la mboga.

"Basi kazi ulipata," akasema. "Ingia ndani, ukoroge bukari."